Mji Usio na Mto Una Nini cha Kumwonyesha Mgeni?

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga wetu. Aghalabu maneno hayo hutumiwa siku ya kuchinja kuku, maana mgeni afikapo na wenyeji nao hula vizuri. Lakini yana maana nyingine ambayo sisi wakazi wa Ipagala tumeijua juzijuzi tu: mgeni afikapo, mwenyeji hupona ugonjwa wa kutoijua nyumba yake mwenyewe.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana mmoja wa mtaa wetu alikwenda kusoma uhandisi katika mji wa Nizhny Novgorod, nchini Urusi, akakaa huko miaka kadhaa. Aliporudi, alikuja barazani kwetu jioni moja akiwa na picha nyingi, akatusimulia habari za mji ule. Alituambia ya kuwa ulianzishwa mwaka 1221, mahali ambapo mto Oka waingia katika Volga, mto mrefu kuliko yote ya Ulaya. Juu ya genge, pamesimama ngome ya matofali mekundu yenye minara 13, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 16. Kutoka ngomeni hadi ukingoni mwa Volga pana ngazi kubwa ya mawe iliyokamilishwa mwaka 1949, nayo imepewa jina la rubani Valery Chkalov, ambaye mwaka 1937 aliruka na wenzake kutoka Moscow hadi Marekani kwa kupitia Ncha ya Kaskazini. Mwandishi Maxim Gorky alizaliwa katika mji huo mwaka 1868, na nyumba ya babu yake alimokaa utotoni imehifadhiwa hata leo ili watu waione. Tangu mwaka 2012 vimekuwapo vibanda vinavyoning'inia katika waya, vikiwavusha watu juu ya Volga mwendo wa zaidi ya kilomita tatu hadi mji wa Bor ulio ng'ambo.

Tulisikiliza kwa furaha. Ndipo kijana akatoa jambo lililomleta. Rafiki yake mmoja, Mrusi waliyesoma pamoja, alikuwa amepata nafasi ya kuja Tanzania. Kabla ya kwenda kuziona mbuga za wanyama na Zanzibar, alitaka kukaa siku mbili Dodoma, aone mji alikotoka mwenzake.

"Sasa babu," kijana akamwuliza mzee mmoja aliyekuwa amekaa kimya, "huyu mtu ametoka katika mji wa mito miwili na ngome. Nitampeleka wapi?"

Kabla mzee hajajibu, mwingine akadakia: "Mwonyeshe vumbi na upepo!" Watu wakacheka. Na sisi, twakiri, tulicheka pamoja nao. Lakini kicheko kilipokwisha, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeweza kutaja mahali patatu kwa mfululizo. Twakaa katika makao makuu ya nchi, na hatujui tumwonyeshe mgeni nini! Aibu hiyo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

MTO ULIO CHINI YA MCHANGA

Tuanze na jambo lile ambalo twadhani hatunalo, yaani mto. Ni kweli kwamba Dodoma haina Volga. Mvua yetu kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki, mito yetu huwa njia za mchanga mweupe. Mgeni azitazamapo hudhani ni barabara zilizosahauliwa.

Hata hivyo, mji huu ulipata jina lake kwa sababu ya maji. Wazee wa Kigogo wasimulia kwamba tembo alikwenda kunywa katika kijito cha Kikuyu, akanasa matopeni, akawa anazama. Walioona wakasema "idodomya", maana yake amezama. Jina hilo likageuka kidogo kidogo vinywani mwa wageni mpaka likawa Dodoma. Basi mji ambao leo twauita mkavu ulibatizwa kwa tope lenye nguvu ya kummeza tembo!

Mgeni wetu alipofika, tulimpeleka kwanza kwenye njia mojawapo ya mchanga. Tulikwenda kwa haya kidogo. Pale tulimkuta mama mmoja amechimba shimo mchangani, ameketi kando yake na kibuyu, akisubiri maji yajikusanye. Alipochota, maji yalikuwa meupe na baridi. Mgeni akasimama pale kwa muda mrefu. Akasema kwamba kwao mto huonekana na mtu mvivu na mtu hodari sawasawa, lakini mto huu huonekana tu na yule anayejua mahali pa kuchimba. Sisi tuliozaliwa tukiiona kazi ile hatukuwa tumepata kuifikiri hivyo.

Na ukweli ni kwamba jiji zima laishi kwa maji ya chini ya ardhi. Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya maji ya mabombani yametoka katika visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora, kaskazini ya mji. Upande wa kaskazini mashariki kuna bwawa la Hombolo, lililojengwa katika miaka ya 1950 kwa kuzuia maji ya Kinyasungwe. Maji ya huko huteremka hatimaye katika mto Wami na kufika Bahari ya Hindi. Kwa hiyo, mtu asimamaye katika mchanga wa Ugogo yuko katika chimbuko la mto ufikao pwani. Hayo nayo ni mambo ya kumwambia mgeni.

Baadaye mgeni akauliza swali moja jepesi: "Na mahali alipozama yule tembo ni wapi?" Tukatazamana. Mmoja akanyosha mkono huku, mwingine kule. Kijana akamgeukia mzee, na mzee akasema kwamba baba yake alipajua, ila yeye hakupata kumwuliza vizuri. Tunaandika haya bila kuficha, maana swali lile lilituchoma. Mji wa watu mamia ya maelfu, na sisi wenyeji hatukuweza kukubaliana ni wapi jina lake lilipozaliwa.

RELI YA ZAMANI NA RELI MPYA

Kabla ya reli, nchi ya Ugogo ilikuwa njia kuu ya misafara kati ya pwani na Tabora. Msafara ulipofika hapa ulikuwa na kiu, umetoka katika nyika isiyo na maji. Watemi wa Kigogo walikuwa na visima, na walijua thamani yake. Wakatoza hongo, wakapokea nguo, shanga na nyaya. Wazungu waliopita katika karne ya 19, akina Burton na Stanley, waliijaza vitabu vyao manung'uniko juu ya hongo ya Wagogo. Mwenye kusoma manung'uniko hayo leo yafaa acheke, maana yathibitisha kwamba wenyeji hawa walikuwa na utawala, na mgeni hakupita katika nchi yao kama apitavyo porini.

Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Dodoma ya mji, yenye stesheni na boma na maduka, ilizaliwa na reli hiyo. Stesheni ya zamani ingalipo, na ng'ambo yake ipo hoteli ya zamani ya mji, ambayo asili yake ni siku zile zile za Wajerumani. Mtu akitaka kuona umri wa mji wetu, na asimame kati ya majengo hayo mawili asubuhi, kabla ya jua kuwa kali.

Kisha na aende kuona stesheni ya reli mpya ya umeme. Safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza Julai 2024, na mwezi uliofuata Rais Samia Suluhu Hassan akazizindua rasmi. Mgeni wetu alikuja kwa treni hiyo, chini ya saa nne njiani. Mzee wetu akamweleza jinsi yeye alivyokuwa akisafiri usiku kucha kwa gari la moshi, akinunua mayai na mahindi dirishani kila kituo. Mgeni akaandika maneno yote katika daftari lake. Twaona ajabu jinsi mambo tunayoyasahau sisi yanavyoandikwa na wengine.

MWENDO WA ASUBUHI MOJA MJINI

Kutoka Ipagala tulishika barabara kuu ya Dar es Salaam, tukielekea magharibi. Nyuma yetu ilikuwa Nzuguni, penye stendi kuu ya mabasi, Soko Kuu la Job Ndugai na viwanja vya maonyesho ya Nane Nane. Mbele yetu ikatokea nyumba ya Bunge.

Hapa ilibidi tumweleze mgeni historia kidogo. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamishwe kutoka pwani na kuletwa katikati, ili Serikali iwe karibu na wananchi wa pande zote. Uamuzi ulikuwa mmoja, utekelezaji ukawa wa miaka mingi. Bunge lilihamia hapa mwaka 1996, na ukumbi wake wa sasa ulianza kutumika mwaka 2006. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali yote itahamia Dodoma. Tarehe 26 Aprili 2018, siku ya Muungano, mji ukapandishwa kuwa jiji. Mwezi Aprili 2019 mji wa Serikali wa Mtumba ukazinduliwa, na tarehe 20 Mei 2023 Ikulu ya Chamwino nayo ikazinduliwa. Ilikuwa miaka 50 tangu uamuzi ule. Mgeni akasema kwamba watu wenye kungoja miaka 50 bila kukata tamaa wastahili kutazamwa kama itazamwavyo ngome.

Katikati ya mji tukamwonyesha nyumba za ibada. Makanisa makuu ya Waanglikana na Walutheri yako katikati ya mji, na Wakatoliki wana kanisa lao kuu. Kituo cha Jamatini kimepata jina lake kutokana na jamatikhana ya Waismailia. Msikiti wa Gaddafi, uliojengwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa mwaka 2010, ni miongoni mwa misikiti mikubwa ya nchi yetu. Mambo haya twapita mbele yake kila siku, wala hatuyaoni kuwa ajabu. Lakini mgeni aliona ajabu kwamba mtu aweza kutembea kwa miguu kutoka katika nyumba moja ya ibada hadi nyingine, na wenye dini zote hizo wakakutana mchana katika soko la Majengo wakibishana kwa bei ya nyanya, si kwa jambo jingine.

Tulipumzika katika viwanja vya Nyerere, ilipo sanamu ya Mwalimu. Halafu tukamweleza habari za makumbusho ambayo wengi wetu hatujapata kuingia. Taasisi ya Jiolojia ina makao yake hapa Dodoma, na kazi ya kupima miamba ya nchi hii ilianza hapa mwaka 1925. Ina makumbusho ya mawe na madini ya Tanzania. Wangapi kati yetu wamewapeleka watoto wao huko? Sisi wenyewe tulikuwa hatujaingia.

Na mawe, ndugu wasomaji, ndiyo ngome yetu. Tulipanda vilima vya Chimwaga kilipo Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, tukatazama mji kutoka juu. Huku na huko vimesimama vilima vya majabali, vingine kama mtu aliyeinama, vingine kama ng'ombe walalao. Wataalamu wasema kwamba miamba ya uwanda huu wa kati ni miongoni mwa miamba ya kale kabisa ya Afrika, umri wake wapita miaka bilioni mbili na nusu. Ngome ya Nizhny Novgorod ina miaka mia tano na kidogo. Kwa hesabu hiyo, majabali yetu hayana la kuionea wivu.

CHAMWINO, KONGWA NA KONDOA

Siku ya pili tulimpeleka Chamwino. Mgeni alidhani twampeleka kuona jumba la Rais tu, lakini tulimpeleka kusikia ngoma. Akina mama wa Kigogo walipiga muheme, ngoma ambazo huzibana kati ya magoti, wakaimba kwa sauti nyingi zinazopishana na kuungana. Sanaa hii ndiyo iliyompeleka Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyezaliwa Doduma, katika majukwaa ya dunia nzima na zeze lake na ilimba yake, mpaka alipofariki mwaka 2003. Watu wa Ulaya walilipa fedha kumsikiliza. Chamwino pamekuwa na tamasha la muziki wa Kigogo tangu mwaka 2009, wala si mbali na Ipagala. Ni wangapi kati yetu tumekwenda?

Walipomkaribisha kwa "Mbukwenyi!" alijitahidi kuitikia, watoto wakafurahi. Akala ugali wa uwele na mlenda kwa mikono yake mwenyewe. Akauliza juu ya zabibu alizoziona njiani, tukamwambia kwamba mkoa huu ndio unaosifika kwa zabibu katika Tanzania, na kwamba mzabibu huvunwa hapa mara mbili kwa mwaka, ambapo katika nchi za baridi huvunwa mara moja. Mashamba yako Makutupora, Hombolo, Bihawana na Mpunguzi.

Siku mbili hazikutosha kumpeleka Kongwa wala Kondoa, nasi tulisikitika, maana huko ndiko kuliko na mambo makubwa zaidi. Kongwa palikuwa na mradi wa karanga ambao Waingereza waliuanza mwaka 1947. Walileta matrekta mengi na kutumia mamilioni ya pauni bila kuwauliza wenyeji juu ya mvua na udongo, wakauacha mwaka 1951. Kuanzia mwaka 1964, mahali pale pale pakawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika: vijana wa FRELIMO wa Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe, MPLA ya Angola. Baadhi ya vijana wa vyama hivyo walikuwa wamepata mafunzo katika nchi ya Kisovyeti. Mgeni wetu aliposikia hayo alinyamaza kidogo, akasema babu yake angependa kuyasikia. Nyika iliyowashinda matajiri wa karanga ikawalea wakombozi. Ni mji gani mwingine wenye hadithi kama hiyo jirani yake?

Na Kondoa kuna michoro ya mapangoni, iliyochorwa na watu wa kale kwa rangi nyekundu na nyeupe: twiga, tembo, watu wembamba wenye vichwa vikubwa. Mapango na vivuli vya majabali vyenye michoro vyapita 150, navyo vimetapakaa katika eneo la kilomita za mraba zaidi ya 2,300. Mama Mary Leakey alifanya kazi ya kuinakili mwaka 1951, na mwaka 2006 Shirika la UNESCO likaiingiza Kondoa katika orodha ya urithi wa dunia. Dunia yatambua, sisi twauliza Dodoma kuna nini!

JINSI VITU VINAVYOPOTEA

Hatuandiki haya ili tujisifu. Kujisifu ni kazi rahisi, hata jogoo huifanya kila alfajiri. Twaandika kwa sababu tulipokuwa tukitembea na mgeni tuliona mambo yaliyotutia hofu.

Mwaka 2012 watu waliohesabiwa katika eneo hili la Dodoma mjini walikuwa kama 411,000. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 760,000. Huko ni kukua karibu mara mbili katika miaka kumi. Sisi wa Ipagala twajua maana yake kuliko wengi. Mahali palipokuwa na mashamba ya uwele na mitama leo pana kuta, mageti na maduka ya simenti. Hatulaumu. Watu lazima wapate pa kukaa, na mwenye kiwanja ana haki ya kujenga. Lakini jiji likuapo upesi namna hii, kila kitu ambacho hakijulikani thamani yake huondolewa kwanza.

Tuliona kilima kimoja kimeng'olewa ubavu wote, watu wakiponda mawe kuwa kokoto. Wapondaji wenyewe ni maskini, hatuwezi kuwanyima riziki. Lakini jabali lililokaa miaka bilioni mbili haliwezi kujengwa tena. Tuliona mbuyu umekatwa kwa sababu mizizi yake iligusa msingi wa ukuta, ilhali ukuta ule ungaliweza kupinda hatua tano. Tuliona korongo la mchanga limejazwa takataka na vifusi, na nyumba zimesogea mpaka ndani yake. Mvua kubwa ijapo, maji huitafuta njia yake ya zamani, yakakuta kitanda cha mtu. Hapo twalia kwamba tumeonewa na mvua. La, hatukuonewa. Tuliusahau mto kwa sababu hauonekani miezi saba ya mwaka. Wale walioitwa Wagogo maskini walijua kuusoma mchanga. Sisi wasomi hatujui.

Hata huko Kondoa, wako watu waliochimba chini ya michoro wakitafuta dhahabu wanayodhani Wajerumani waliificha. Walitafuta mali isiyokuwapo, wakaharibu mali iliyokuwapo mbele ya macho yao. Twaona kwamba mfano huo watuhusu sote.

Na tembe, nyumba ile ya Kigogo yenye paa bapa la udongo, iliyostahimili jua na upepo wa uwanda huu vizazi kwa vizazi, yazidi kuwa adimu karibu na mji. Mgeni alitaka kuona moja. Tulitembea sana kabla ya kuipata.

LA KUFANYA

Kijana wetu alitueleza jambo moja ambalo hatukulitegemea. Mji wa Nizhny Novgorod, ambao kwa miaka mingi uliitwa Gorky, ulikuwa umefungwa kwa wageni wa nchi za nje mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa sababu ya viwanda vyake vya silaha. Hakuna mgeni aliyeruhusiwa kuiona ngome wala ngazi. Walakini, wenyeji waliendelea kuvitunza na kuvipenda kwa ajili yao wenyewe. Milango ilipofunguliwa, vitu vya kuonyesha vilikuwapo tayari.

Hilo ndilo funzo letu. Dodoma haijapata kufungwa hata siku moja, bali sisi wenyewe tumeufunga macho yetu. Mahali pa kutazamwa si kwa ajili ya watalii kwanza. Ni kwa ajili ya mwenyeji, ajue anakaa wapi. Mtalii hufuata baadaye, na fedha zake humfuata yeye.

Hatusemi Serikali ijenge ngome. Twasema mambo madogo yaliyo katika uwezo wetu. Kila mtaa na uchague kitu kimoja tu, mbuyu, jabali, kisima cha zamani au njia ya mchanga, ukitangaze kuwa kitu cha mtaa, kisiguswe. Walimu wa shule zetu wawapeleke watoto kuona makumbusho ya mawe, na wawapandishe kilimani waelezwe kile wanachokiona. Wapimaji wa viwanja wakumbuke kuuachia mto nafasi yake, hata kama hauna maji siku ya kupima. Vijana wenye simu nzuri, badala ya kujipiga picha wenyewe tu, wawaendee wazee, wawaulize majina ya vilima na makorongo, na wayaandike. Mzee afapo na majina yake, hakuna taasisi iwezayo kuyafukua.

Sisi tumeanza. Jumamosi iliyopita kijana wetu na mzee wetu walikwenda pamoja upande wa Kikuyu, mmoja na daftari, mwingine na bakora. Walizunguka mchana kutwa wakiwauliza watu wazima wa huko. Walirudi jioni wamechoka, wamejaa vumbi, na daftari lina majibu matatu yanayopingana juu ya mahali alipozama tembo. Mzee hakukata tamaa. Alisema, majibu matatu ni bora kuliko kicheko kimoja, na kwamba Jumamosi ijayo watakwenda tena.

Nani atafuatana nao?